Barua ya wazi kwa viongozi wa riadha: nani anayelipa gharama ya haki katika mbio za wanawake?

Kwa Bwana Sebastian Coe, Rais wa Shirikisho la Riadha Duniani, na wajumbe wa Baraza lake. Na kwa viongozi wa mashirikisho ya riadha ya Kenya, Uganda, Burundi na Tanzania.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari nchini Tanzania, na wasichana ninaowafundisha ndio walionisukuma kuandika. Hoja yangu ni moja. Gharama ya kulinda kile ambacho Shirikisho la Riadha Duniani linakiita ushindani wa haki katika mbio za wanawake imelipwa, kwa sehemu kubwa kupita kiasi, na wanawake weusi wa Afrika. Wamelipa kwa miili yao, kwa siri zao na kwa riziki zao, ilhali walioandika kanuni, pamoja na waliokuwa na wajibu wa kuwatetea, hawajalipa chochote.

Anayetaka kuona jambo hili bila kupepesa macho na airudie fainali ya mita 800 ya wanawake katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, tarehe 20 Agosti 2016. Caster Semenya wa Afrika Kusini alishinda kwa dakika 1 na sekunde 55.28, Francine Niyonsaba wa Burundi akafuata kwa 1:56.49, na Margaret Wambui wa Kenya akapata shaba kwa 1:56.89. Kwa Burundi, ile fedha ilikuwa medali ya pili tu ya Olimpiki katika historia yake yote, baada ya dhahabu ya Vénuste Niyongabo katika mita 5,000 mwaka 1996. Jukwaa lote lilikuwa la wanawake wa Afrika. Mwanariadha wa Poland aliyeshika nafasi ya tano aliwaambia waandishi wa habari wa kwao kwamba anajihisi kama mshindi wa medali ya fedha, na kwamba anafurahi kuwa wa kwanza kutoka Ulaya na mweupe wa pili kumaliza. Hesabu hiyo inatimia tu ukiwaondoa kwanza Waafrika watatu waliomtangulia, na ilifanywa kwa rangi ya ngozi, waziwazi, mbele ya vinasa sauti. Sina haja ya kumsakama mwanariadha mmoja aliyekuwa na uchungu baada ya mbio. Ninachosema ni kwamba alikitamka hadharani kile ambacho miaka miwili baadaye kilikuja kutokea kwa njia ya kanuni: wale watatu wakaondolewa kweli.

Mwezi Aprili 2018 Shirikisho, lililokuwa bado likiitwa IAAF, lilitangaza kwamba mwanamke mwenye tofauti fulani za kimaumbile katika ukuaji wa jinsia, ambaye testosteroni yake ya asili, homoni ambayo wanaume huwa nayo kwa wingi zaidi, inafika nanomoli 5 kwa lita ya damu, ni lazima aishushe kwa dawa na kuidumisha chini ya hapo kwa miezi sita kabla ya kuruhusiwa kukimbia mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja. Tangu mwaka 2019 hakuna hata mmoja kati ya wale watatu wa Rio aliyekimbia tena fainali ya mita 800 ya Olimpiki wala ya dunia. Semenya alijaribu mita 5,000, akaenda kwenye mashindano ya dunia ya Eugene, Marekani, mwaka 2022 na hakufika fainali. Wambui, aliyekuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2014, alibaki bila uwanja, na mwaka 2021 alikuwa akiomba angalau lianzishwe kundi la tatu ili watu kama yeye wapate pa kukimbilia. Niyonsaba alifanya kile ambacho kanuni ilimruhusu kufanya: alihamia mbio ndefu, akajifunza upya kila kitu, na Septemba 2021 huko Zagreb akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Machi 2023 mkaibadili kanuni. Kiwango kikawa nanomoli 2.5, muda ukawa miezi 24, na mashindano yakawa yote. Mwanamke aliyehama njia kwa kuwatii akaukuta mlango wa pili nao umefungwa.

Ningeweza kunyamaza kama msingi wa uamuzi wa kwanza ungekuwa imara. Kanuni ya 2018 ilitegemea utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Stéphane Bermon na Pierre-Yves Garnier, wataalamu wa Shirikisho lenyewe, waliotumia takwimu za mashindano ya dunia ya Daegu 2011 na Moscow 2013. Utafiti ule ulidai kuona faida kwa wanawake wenye testosteroni nyingi katika michezo mitano: mita 400, mita 400 za kuruka viunzi, mita 800, kurusha nyundo na kuruka kwa upondo. Kanuni ilipotoka, nyundo na upondo havikuwamo, na badala yake ziliingizwa mita 1,500 na maili, ambazo utafiti haukuzitaja miongoni mwa hiyo mitano. Mashabiki wa riadha wanajua kwamba mita 1,500 za wanawake zinatawaliwa na mataifa ya Afrika, na nyundo inatawaliwa na mataifa yasiyo ya Afrika. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, ilipokataa rufaa ya Semenya tarehe 1 Mei 2019, ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi ndani yake, ikasema ubaguzi huo ni wa lazima na una kipimo kinachofaa. Lakini hata majaji hao walieleza wasiwasi wao kuhusu ushahidi wa mita 1,500 na maili. Kisha Agosti 2021, siku chache baada ya Olimpiki ya Tokyo kumalizika, Bermon na Garnier walichapisha masahihisho katika jarida lilelile la kitabibu, wakieleza kwamba matokeo yao yalikuwa ya uchunguzi wa awali na kwamba kauli yao kuhusu chanzo na matokeo ingeweza kuwapotosha wasomaji. Mwanafunzi wangu akikosea hesabu huifuta na kuanza upya. Ninyi hamkufuta, mliikaza.

Mnasema kwamba leo mnao ushahidi mwingine, mpana zaidi. Basi utoeni wote, pamoja na takwimu ghafi, wataalamu wasiolipwa nanyi waupime, wakiwamo wa vyuo vikuu vya Afrika.

Wakati tukisubiri, saa za uwanjani zina jambo la kusema. Septemba 2025 huko Tokyo, katika mashindano ya kwanza ya dunia ambayo wanawake wote walitakiwa kuwa wamepimwa jeni kabla ya kushiriki, Lilian Odira wa Kenya alishinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 54.62, akaivunja rekodi ya mashindano iliyokuwa imedumu tangu mwaka 1983, na Waingereza wawili waliomfuata, Georgia Hunter Bell na Keely Hodgkinson, nao walikimbia chini ya 1:55. Wote watatu walikuwa na kasi kuliko Semenya alivyokuwa Rio. Rekodi ya dunia yenyewe, 1:53.28, ni ya Jarmila Kratochvílová wa Chekoslovakia, ya mwaka huohuo wa 1983, na Semenya hakuwahi kuigusa. Muda wake bora kabisa ni 1:54.25. Sidai kwamba saa peke yake inamaliza mjadala wa kibaiolojia. Nasema kwamba yule mwanamke aliyeelezwa ulimwenguni kote kuwa asiyeshindika, ambaye kuwapo kwake kuliambiwa kunaua mbio za wanawake, alikimbia ndani ya mipaka ambayo wanawake wengine wamekwisha kuifikia na kuipita. Picha ya kiumbe cha kutisha haikutoka kwenye saa.

Ilitoka wapi basi? Najua jibu lenu, kwamba kanuni hazitaji rangi wala nchi. Ni kweli, hazitaji. Lakini kwa miaka mingi, kabla ya kipimo cha jeni kwa wote, mwanamke alianza kuchunguzwa pale mtu alipomtilia shaka, na shaka huanzia machoni: misuli, sauti, kifua, taya, namna ya kutembea. Kipimo cha uanamke kilichokuwa akilini mwa watazamaji hakikuwa kimechukuliwa kwa wasichana wa Ruyigi huko Burundi wala wa Limpopo huko Afrika Kusini. Pia katika nchi tajiri mtoto mwenye tofauti hizi mara nyingi hugunduliwa akiwa mchanga au anapobalehe, na jambo lake likashughulikiwa faraghani hospitalini miaka mingi kabla hajavaa viatu vya mbio; kwetu msichana huzaliwa nyumbani au katika zahanati ya kijiji, hukua akijijua kuwa msichana kama dada zake, na habari ya mwili wake huipata akiwa na miaka 18 au 20 kutoka kwa daktari wa kigeni, katika lugha ya kigeni, akiwa tayari amevaa jezi ya taifa. Ripoti ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa ya Juni 2020 iliyaangalia makutano haya ya ubaguzi wa rangi na wa jinsia katika michezo, na ilionyesha kwamba wanaoumizwa zaidi ni wanawake wa nchi za kusini mwa dunia. Hamuwezi kusema hamkuambiwa.

Shaka hiyo, niseme pia, haiishi Ulaya tu. Nimeisikia kwenye viwanja vyetu vyenye vumbi wakati wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, msichana anapowaacha wenzake mbali na watu wazima waliosimama pembeni wanaanza kunong'onezana kwamba huyo si msichana, ni dume. Nilimwona mmoja, mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekimbia peku, akipunguza mwendo baada ya kuyasikia maneno hayo alipokata kona ya mwisho, akamwacha mwenzake ampite. Hakuna kamati iliyomwondoa, na hakuna damu iliyochukuliwa. Ila huko nyuma alikuwa ameshasikia redioni habari za Semenya, na alijua maneno yale yanaweza kuishia wapi.

Kati ya yote yaliyotokea, moja ndilo lililonifanya nione kwamba barua haiwezi kungoja tena, nalo ni la Annet Negesa wa Uganda. Negesa alishinda dhahabu ya mita 800 katika Michezo ya Afrika ya Maputo mwaka 2011 akiwa bado na umri wa miaka 19, na mwaka 2012 aliweka rekodi ya Uganda, chini ya dakika mbili. Alikuwa njiani kwenda Olimpiki ya London alipoambiwa kwamba hawezi kushiriki kwa sababu ya homoni zake. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyoyatoa hadharani mwaka 2019, alipelekwa kwa madaktari Ulaya, akarudi nyumbani, na mwezi Novemba 2012 akaingia hospitalini Kampala akidhani anakwenda kupata tiba nyepesi, kitu kama sindano. Alipozinduka akakuta amechanwa tumboni. Anasema hakuelezwa vya kutosha maana ya operesheni ile, na hakupewa tiba ya homoni ambayo mtu aliyeondolewa tezi zinazotengeneza testosteroni huihitaji maisha yake yote. Mwili ukadhoofika, viungo vikauma, kasi haikurudi. Ufadhili wa masomo ukapotea, na wakala akamwacha. Mwaka 2019 aliomba hifadhi Ujerumani. Shirikisho la Riadha Duniani lilikana kwamba lilishiriki katika tiba hiyo au kuipendekeza, na naandika kukana huko hapa kwa sababu ni haki kufanya hivyo. Lakini ikiwa Shirikisho halikuhusika, na shirikisho la nchi yake nalo halikuhusika, na madaktari walifanya walichoombwa, basi nani aliyemfikisha binti wa miaka 20 kwenye meza ya operesheni miezi michache baada ya kuzuiwa kukimbia? Mpaka leo hakujafanyika uchunguzi huru ambao matokeo yake yamewekwa mezani Kampala na Monaco, yaliko makao makuu ya Shirikisho, kwa pamoja.

Hayuko peke yake. Mwaka 2013 madaktari nchini Ufaransa walichapisha katika jarida la kitabibu maelezo ya wanariadha wanne wenye umri wa kati ya miaka 18 na 21, waliotoka vijijini au milimani katika nchi zinazoendelea. Wote wanne walifanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi, na pia wa kukata sehemu ya kinembe, ingawa madaktari wenyewe waliandika kwamba kuziacha tezi hizo hakukuwa na hatari kwa afya. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kufafanuliwa jambo la pili. Uganda ilipiga marufuku ukeketaji kwa sheria ya mwaka 2010, na Kenya kwa sheria ya mwaka 2011. Tumewakamata mangariba, tumewafungulia wasichana nyumba za hifadhi, tumewafundisha watoto darasani kwamba hakuna mila inayohalalisha kumkata msichana. Kwa kipimo gani basi kitendo hicho kinageuka kuwa tiba kinapofanywa na daktari mwenye koti jeupe ili binti wa kijijini aruhusiwe kukimbia? Kanuni zenu za miaka ya karibuni zinasema upasuaji si sharti. Vema. Hazijasema neno kwa wale ambao tayari wamekatwa.

Tangu tarehe 1 Septemba 2025 mmeanza utaratibu mwingine: kila anayetaka kushiriki katika mashindano ya dunia upande wa wanawake hupimwa jeni ya SRY, ambayo kwa kawaida huwa kwenye kromosomu Y ya wanaume, mara moja maishani, kwa kijiti cha pamba kinachopitishwa shavuni au kwa tone la damu. Nakubali kwamba kumpima kila mtu ni afadhali kuliko kumpima yule tu ambaye sura yake imemkera mtu. Hata hivyo, hamkuanza ninyi. Vipimo vya kromosomu vilitumika katika Olimpiki tangu mwaka 1968 na vikaachwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu viliwaumiza wanawake bila kukamata walaghai. Mwaka 1985 María José Martínez-Patiño, mruka viunzi wa Hispania, alifukuzwa kwa kipimo hicho, na baadaye ikaonekana kwamba mwili wake hauwezi kabisa kuitumia testosteroni, akarejeshwa mwaka 1988 wakati ujana wake wa mbio umekwisha. Huko Atlanta mwaka 1996 wanawake 3,387 walipimwa, wanane wakaonekana kuwa na jeni ya SRY, na wote wanane wakaruhusiwa kushindana baada ya kuchunguzwa zaidi. Andrew Sinclair, mwanasayansi wa Australia ambaye timu yake iliigundua jeni hiyo mwaka 1990, ameandika kwamba haifai kutumiwa hivi. Ni jambo zito pale aliyegundua kitu anapokwambia kwamba unakitumia vibaya.

Na kipimo kilekile hakina uzito uleule kwa kila anayepimwa. Binti wa Uingereza akipata jibu asilolitarajia analo daktari wake, anayo bima, yupo mshauri wa kisaikolojia na yupo wakili. Ufaransa, ambayo sheria yake hairuhusu vipimo vya jeni bila sababu ya kitabibu, haikubali vifanyike katika ardhi yake, wanariadha wake wakalazimika kupimwa nje ya nchi. Angalau hapo dola ilionekana imesimama kati ya mwili wa raia wake na matakwa ya chama cha michezo. Huku kwetu maelekezo yalipokelewa na kutekelezwa. Sijasikia waziri wala kamati ya bunge katika nchi zetu iliyouliza matokeo yanatunzwa wapi, nani anayaona, na binti aliyepata jibu gumu anarudi nyumbani kwa nani.

Bwana Coe, wewe ulikuwa mkimbiaji wa mita 800. Rekodi yako ya 1:41.73 ya mwaka 1981 ilidumu miaka 16 hadi Wilson Kipketer, kijana wa Kenya aliyekuwa akiikimbilia Denmark, alipoivunja mwaka 1997. Kipaji chako cha kuzaliwa kilihesabiwa kuwa kipaji. Eero Mäntyranta wa Finland alipata medali saba za Olimpiki katika kuteleza kwenye theluji, tatu zikiwa za dhahabu, na baadaye wanasayansi waligundua kwamba familia yake ilirithi mabadiliko ya jeni yanayoongeza chembe nyekundu za damu kwa kiasi kikubwa. Anakumbukwa kwa heshima, na hakuna aliyependekeza apewe dawa ya kuipunguza damu yake. Utanijibu kwamba michezo haikugawanywa kwa wingi wa damu, imegawanywa kwa jinsia, na kwamba bila mgawanyo huo wasichana ninaowafundisha wasingepata medali yoyote. Nakubaliana nawe, tena kwa dhati, kwa sababu mimi ndiye ninayewapanga kwenye mstari. Mbio za wanawake zinahitaji mipaka. Lakini anayechora mpaka ana deni kwa yule ambaye mpaka umempita katikati ya mwili, na deni hilo ninyi hamjawahi kulikiri. Tarehe 10 Julai 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitamka kwamba Semenya hakupata usikilizwaji wa haki mbele ya mahakama ya juu ya Uswisi, aliyoiendea baada ya rufaa yake kukataliwa mwaka 2019. Alifuatilia kwa miaka, kwa michango na kwa ukaidi wa kipekee, ndipo mahakama moja ikasema hakusikilizwa ipasavyo. Wambui angezipata wapi nguvu hizo? Negesa je?

Sasa niwageukie wa kwetu, maana kidole hakiwezi kuelekea Monaco peke yake. Mwaka 2009, katika mashindano ya dunia ya Berlin, Semenya akiwa na miaka 18, rais wa shirikisho la riadha la Afrika Kusini wakati huo, Leonard Chuene, aliutangazia umma kwamba binti huyo hakuwahi kupimwa nyumbani, na wiki chache baadaye akakiri kwamba alidanganya: alikuwa amepimwa Pretoria kabla ya safari. Mwaka 2019 wakimbiaji wawili wa Kenya waliondolewa kwenye timu ya mbio za kupokezana iliyokuwa ikienda Yokohama kwa sababu ya vipimo vya homoni, na habari zao zikazagaa magazetini na mitandaoni kabla hawajapata hata nafasi ya kuzungumza na wazazi wao kwa utulivu. Hapo hakuna Mzungu wa kumlaumu. Medali inapokuja mnakuwa wa kwanza uwanja wa ndege na mashada ya maua. Barua ya vipimo inapokuja, binti anaachwa aisome peke yake. Kenya ina sababu ndogo zaidi ya kujitetea kuliko sisi wengine, kwa kuwa dola yake imekwisha kuwatambua watu huntha, yaani waliozaliwa na tofauti hizi za kimaumbile za jinsia: sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inawapa watoto hao ulinzi. Sheria hiyo isiishie kwenye lango la kambi ya mazoezi.

Ninaloliomba Shirikisho la Riadha Duniani linahitaji utayari zaidi kuliko fedha, ingawa fedha nazo zinahitajika. Anzisheni uchunguzi huru, wenye wajumbe kutoka Afrika na wasioteuliwa na ofisi yenu peke yenu, kuhusu kila mwanariadha aliyefanyiwa upasuaji au kupewa dawa tangu mwaka 2009 ili aruhusiwe kushindana, na matokeo yake, bila majina ya wasiotaka kutajwa, yachapishwe. Walioumizwa walipiwe matibabu ya homoni na ya mifupa maisha yao yote, bila kutakiwa kwanza kusaini karatasi ya kuacha kudai haki zao. Kanuni zote zinazogusa mwili wa mwanariadha ziandikwe pia kwa Kiswahili, na maelezo ya kipimo yatolewe kwa lugha anayoielewa mwanariadha, na daktari asiyelipwa nanyi, kabla pamba haijaingia mdomoni. Na katika jopo linaloamua masuala haya wawepo wanawake wa Afrika waliopitia jambo lenyewe, wenye kura, siyo wa kualikwa kutoa ushuhuda kisha kusindikizwa mlangoni.

Kwa mashirikisho ya Nairobi, Kampala, Bujumbura na Dar es Salaam ombi langu ni la karibu zaidi. Msimpime msichana yeyote kwa niaba ya mtu yeyote, awe wa timu ya wakubwa au ya vijana, bila mzazi au mtu anayemwamini kuwapo, na bila yeye kuelewa kwamba anaweza kukataa na nini kitafuata akikataa. Jibu likitoka, apewe yeye, mkononi, na daktari, si kwa simu ya kocha wala katika kundi la WhatsApp la viongozi. Anayevujisha afukuzwe kazi na ashtakiwe. Unganisheni nguvu mfungue mfuko mmoja wa mawakili wa Afrika Mashariki, kwa sababu kesi moja huko Lausanne, iliko Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, ni mzigo usiobebeka kwa familia ya mkulima. Na yule ambaye mlango wa kimataifa umefungwa kwake asifutwe kwenye orodha kana kwamba amekufa: mpeni kazi ya ukocha, mpeni masomo, mwacheni akimbie nyumbani katika mashindano ambayo ninyi wenyewe mnayaandalia kanuni.

Olimpiki ya Los Angeles ni mwaka 2028, na wasichana watakaokimbia mbio za kati kwa jezi za nchi zetu huko wengi wao sasa wako sekondari. Naomba kila shirikisho nililolitaja lichapishe, kabla ya kuita kambi ya kwanza ya maandalizi, waraka unaoeleza kwa Kiswahili cha kawaida msichana atapimwa nini, na nani, matokeo yatakuwa mali ya nani, na jina na namba ya wakili atakayempigia siku hiyohiyo.

Wasalaam,

Mwalimu wa michezo, Tanzania